Hodi ya Mikokoni

Katika vijiji vyetu vya kusini mwa pwani, mtu haingii mikokoni kimyakimya. Akifika ukingoni husimama, hupiga hodi kama apigavyo mlangoni pa jirani, kisha husubiri. Huko ndani huenda kuna akina mama waliozama matopeni hadi magotini, leso zimefungwa juu, wanabandua chaza kwenye mizizi, nao hawapendi kufumwa katika hali hiyo. Wakiitika, unaingia. Wakinyamaza, ama hakuna mtu, ama yupo asiyekutaka. Na kimya nacho ni jibu.

Mwanaima binti Matano, wa Bodo, aliijua hodi hiyo tangu alipokuwa akibebwa mgongoni na mama yake. Sasa ni mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye sauti ambayo jirani zake husema ingemtosha kuishi bila simu. Hifadhi ya Mikoko ya Chamwana ilipoanzishwa, yeye na wenzake ndio waliobeba mbao na kulitandika daraja la kutembelea linalopinda katikati ya miti. Daraja lilipokwisha, wenzake walimchagua awe kiongozi wa matembezi ya familia, nami sijapata kuona kazi iliyompata mwenyewe kama ile.

Watoto wadogo aliwaweka mbele. "Mtoto akikaa nyuma," alikuwa akisema, "ataona makalio ya watu tu." Aliwaonyesha kaa dume mwenye gando moja kubwa akilipunga, akawaambia: "Huyo anamwita mke. Mke anamwona vizuri sana, ila ana maringo." Na kwenye kona ya kwanza aliwasimamisha wote, wazazi kwa watoto, wapige hodi.

"Hodiii!"

"Karibuniii!" Sauti ilitoka matopeni, na aghalabu ilikuwa ya wifi yake, Fauzia. "Mmekuja na ndimu? Chaza tunao!"

Watoto walicheka hadi wakashika vyuma vya daraja. Aliyetoka Nairobi, aliyetoka Kinango, aliyetoka ng'ambo ya bahari, wote waliondoka wamejifunza jambo moja lisiloandikwa ubaoni: kwamba msitu huu una wenyewe, na wenyewe ni watu wa ukarimu.

Kisha uendeshaji wa hifadhi ukakabidhiwa kampuni. Sitaitaja, kwa sababu ziko nyingi za namna hiyo na sitaki moja ijidai ndiyo pekee iliyosemwa. Kampuni ilimleta meneja, Bwana Enos, kijana nadhifu aliyekuwa amefanya kazi katika hoteli za Diani. Sikumsikia hata siku moja akimtukana mtu. Udhalimu wa zama hizi una adabu: hukuamkia kwanza, hukuuliza hali ya watoto, ndipo hukufungia mlango.

Jambo la kwanza alilolifanya ni kuwakataza akina mama kuingia matopeni saa za wageni. Alisema walikuwa wakiharibu picha. Naomba msomaji asome tena: mwanamke anayetafuta kitoweo mahali alipotafuta bibi yake, chini ya daraja alilolijenga kwa mikono yake, anaharibu picha! Na saa za wageni zilikuwa ni zile zile za maji kupwa mchana, wakati pekee chaza wanapofikika. Huko si kupanga saa. Ni kumfukuza mtu jikoni mwake na kumwambia arudi moto ukishazimika.

Tangu siku hiyo hodi ikakosa mwitikaji. Watoto waliita, wakangoja, wakamtazama Mwanaima.

Kimya kile kilimkera hata Bwana Enos, ila kwa sababu yake mwenyewe. Alimwita Mwanaima na Fauzia ofisini. Nami nilikuwapo, kwa kuwa kamati ya kijiji ilikuwa imenituma kulalamika juu ya katazo lile.

"Mama zangu," alianza, "hii kitu ya hodi ndio wageni wanapenda sana. Wanaandika kwa mtandao. Sasa hatuwezi kuipoteza. Nimeonelea tujenge kibanda kidogo huko ndani, Mama Fauzia akae, avae leso smati, wageni wakisema hodi, yeye anajibu. Kazi ni hiyo tu."

"Na chaza?" Fauzia akauliza.

"Chaza apana, mama. Ni kujibu tu."

Fauzia alimgeukia wifi yake. "Umesikia, wifi? Nikae kibandani kama kuku atamiaye, nikaribishe watu kwetu, na mimi mwenyewe kwetu nisikanyage!" Kisha akamwelekea meneja. "Mwanangu, mama yako yu hai?"

"Yuko, mama. Nyumbani."

"Mweke yeye kibandani."

Wakatoka. Bwana Enos alibaki akitabasamu kwa aibu, nami nilidhani aibu ingemfunza. Haikumfunza. Juma lililofuata alileta kipaza sauti, kisanduku cheusi kilichofungwa kwa waya kwenye mkoko, kikatiwa sauti iliyorekodiwa ya msichana wa mapokezi wa hoteli fulani. Kiongozi alitakiwa kubonyeza kitufe mfukoni kila watoto walipoita. "Karibuni sana wageni wetu wapendwa!" kikasema kisanduku, kwa lafudhi ambayo haijapata kubandua chaza.

Mwanaima alikibonyeza. Alikuwa na watoto wa kusomesha, na kazi kwetu haiokotwi njiani. Lakini tangu hapo sauti yake ilipungua. Alizungumza na wageni kama mtu anayezungumza msibani.

Ikafika Idd Mosi. Kila mtu wa pwani anajua desturi ya siku hiyo: watoto huvishwa nguo mpya, hupokea mkono wa Idd kwa jamaa, na baada ya Alasiri hutoka na wazazi wao kutembea. Watu wa Bodo, tangu daraja lijengwe, walikuwa wakitembea hapo. Mwezi ukiwa mwandamo huwa ni bamvua. Maji hujaa hadi chini ya mbao, na mtoto huona miti imesimama juu ya vivuli vyake.

Mwaka huo walikuta mnyororo langoni. Bwana Enos alikuwa amemsimamisha hapo bawabu Jefwa na kumpa maneno ya kusema: leo ni ya walioweka nafasi mapema. Kando ya lango lilining'inia bango jipya: MATEMBEZI YA FAMILIA. Familia za nani? Nilisimama chini ya bango hilo pamoja na watoto waliovaa kanzu zilizopigwa pasi na magauni yenye vimetameta, na hasira iliyonishika siku ile haijanitoka ninapoandika haya, wala siombi initoke.

Mwanaima alikuwa tayari ndani na kundi la wageni. Miongoni mwao alikuwa Everline, mfuaji wa nguo katika hoteli moja ya Diani, mzaliwa wa bara anayeishi Ukunda, pamoja na binti yake mdogo, Claire. Yaliyotokea ndani nimeyapata kwa Everline.

Kwenye kona watoto walipiga hodi. Kisanduku kikajibu. Claire akachungulia mikokoni, kushoto na kulia.

"Shangazi, huyo anayesema karibu yuko wapi?"

Mwanaima angeweza kumdanganya. Mtoto angeridhika na matembezi yangeendelea. Badala yake aliinama akamwonyesha. "Ni kile kisanduku, mwanangu. Kile cheusi."

"Kisanduku ndicho kinaishi hapa?"

"La. Wanaoishi hapa wamefungiwa nje ya lango."

Everline anasema mtu mzima mmoja alikohoa. Ndipo huku langoni Fauzia, ambaye hakuwa amesikia lolote, alichoka kusimama. Alijaza pumzi kifuani. "Hodiii!" Watoto wa Bodo wakamfuata kwa sauti moja: "Hodiii!"

Kwenye daraja Mwanaima aliinua kichwa. Akautoa mkono mfukoni, mbali na kitufe.

"Mmesikia? Mtu akipigiwa hodi hufanyaje?"

"Huitika," Claire akasema.

"Basi itikeni. Leo ninyi ndio mliomo ndani."

"Karibuniii!" Walirudia mara nyingi, hata ndege wakaruka.

Bwana Enos alikuja mbio. "Jefwa, usifungue! Hao hawana booking!"

Jefwa, Mduruma mpole ambaye sikujua kama ana ulimi, alikuwa ameshaushika mnyororo. "Bwana Enos, hawa wamebisha na wameitikiwa. Kwetu mtu akishaitikiwa hazuiwi tena mlangoni. Ukitaka kumfukuza, mfukuze aliyemkaribisha." Akauachia mnyororo ukaanguka. Watoto wakaingia, nguo mpya zikavuka maji, na makundi mawili yakakutana kwenye kona, yakasalimiana kwa mikono ya Idd.

Kampuni ilifuata ushauri wa Jefwa neno kwa neno: ikamfukuza aliyewakaribisha. Mwanaima aliambiwa asirudi tena. Maelezo yalikuwa kwamba alivunja utaratibu, na mimi nakiri utaratibu ule ulivunjika, na namshukuru aliyeuvunja. Lakini shukrani haimrudishii mtu riziki yake. Nadai hadharani arudishwe kazini, na katazo dhidi ya akina mama lifutwe, kwa sababu hadi leo limebandikwa langoni, ingawa hakuna anayelitii: bamvua iliyofuata, maji yalipokupwa, waliingia wote pamoja, na Bwana Enos hakuthubutu kushuka topeni kuwatoa.

Mwanaima naye yumo nao, leso imefungwa juu, kisu mkononi. Juzi nilikuwa darajani wakati kiongozi mpya alipopita na familia. Wakapiga hodi. Kiongozi akaanza kutafuta kitufe mfukoni.

"Mko akina nani?" ikauliza sauti ile isiyohitaji simu.

"Watoto, bibi! Na mama na baba!"

"Mwenye mnyororo yumo?"

"Hayumo!"

"Basi karibuni. Na yeye mwambieni, akija, apige hodi."