Nzi wa Mwisho wa Lovina

Mvua ilianza kabla hatujafika Kijito cha Yost, na shemeji yangu Vernon akafurahi kama mtoto. Manyunyu ya Aprili ndiyo yanayowatoa wale wadudu wadogo wa kijani majini, na hapo samaki aina ya trauti hupanda juu ya maji kuwala bila woga. Mimi sikufurahi hata kidogo. Nilijua alichobeba kwenye kofia.

Alikuwa amechomeka nzi mmoja tu wa bandia wa kuvulia, wa manyoya na uzi, aliyefungwa kwenye ndoana ndogo kuliko punje ya mchele. Dada yangu Lovina alimtengeneza pale jikoni, wiki ileile aliyoingia hospitali, na hakutoka tena. Wengine wote Vernon alishawapoteza kwenye matawi na kwenye midomo ya samaki. Alibaki huyu.

"Shemeji, muache kwenye kofia," nikamwambia. "Tumia wa dukani."

"Wa dukani tumia wewe."

"Nakwambia kwa uzuri, Vernon. Ni dada yangu."

"Na ni mke wangu, Merle. Alimtengeneza wa kuvulia, si wa kuangalia."

Kichwa kigumu! Ndivyo alivyo tangu siku aliyokuja kuposa kwetu na matope kwenye viatu.

Akaanza kumfunga nzi kwenye mshipi. Fundo la mshipi mwembamba namna ile hulowanishwa kwa mate kabla ya kukazwa, la sivyo uzi hujiunguza wenyewe kwa msuguano na kuachia. Kila mtoto wa bonde letu anajua. Ila Vernon ana vidole vinene, basi miaka yote ya ndoa yao yeye alikuwa anazungusha uzi, kisha ananyoosha mkono kushoto, na Lovina analitia fundo mdomoni, analikaza. Tuliwacheka mno. Nilikuwa nawaita njiwa, na Lovina ananijibu, "Wivu tu, Merle. Wewe huna wa kukukazia."

Basi akazungusha uzi, akanyoosha mkono kushoto. Mkono ukabaki pale, mvua ikiudondokea, na hakuna wa kuupokea. Roho iliniuma, nikageuza uso. Nilipomtazama tena alishalikaza mwenyewe.

"Vernon! Umelilowanisha?"

Alishaelekeza macho majini. Trauti mmoja alikuwa anapanda karibu na mzizi wa mkuyu. Akamtupia nzi taratibu, kama enzi zake, na samaki akamchukua. Lo! Dume zima, mgongo wa kahawia. Ufito wa kuvulia ukapinda, Vernon akacheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu mazishi. Kisha ufito ukanyooka.

Akavuta mshipi. Ncha yake ilikuwa tupu, imejisokota kama mkia wa nguruwe; nzi ameondoka na samaki. Hiyo ni alama ya fundo lililokazwa kavu, na sisi sote tunaijua.

"Lovina hakulilowanisha," akasema.

Nilikuwa na maneno makali tayari mdomoni, wallahi ningemfokea. Lakini nilimwona bado ameishika ile ncha, anaitazama, hasira zikaniishia.

"Shemeji, sikiliza. Lovina alikuwa anakibana bapa kile kijino cha ndoana kinachoizuia kuchomoka, si unajua? Haing'ang'anii. Samaki atatikisatikisa kichwa, itamtoka."

"Itamtoka?"

"Siku mbili tatu, itamtoka."

Akaketi kwenye jiwe, maji yakimtiririka shingoni, macho yote kwenye mzizi.

"Basi wewe tangulia nyumbani," akasema. "Mimi namngoja hapahapa."

Nikamwambia aache ujinga, maji yana kasi, na kitu kidogo vile hakionekani hata mchana wa jua.

"Najua," akasema, akaanza kulia.

Kisha akajisogeza kidogo kwenye jiwe, akaacha nafasi upande wa kushoto. Nilizunguka nikakaa kulia kwake. Kushoto sikuthubutu.