Mboga Iliyotiwa Munyu na Kila Aliyepita

Hapa Kitale mboga na jua ni kama wake wenza: mmoja akiingia, mwingine anatoka. Miezi ya mvua saga, mboga yetu ya kienyeji, huota hata pale ambapo hakuna aliyeipanda. Ukisahau kiatu nje, wiki ijayo unachuma managu ndani yake. Kila nyumba inakula mboga, kila nyumba inagawa mboga, na ukimwona jirani anakuja na mfuko unajificha nyuma ya mlango, maana unajua ni kunde. Kisha Januari inafika, jua linawaka kama lililotukanwa, na watu wale wale waliokuwa wakimlisha ng'ombe kunde wanasukumana sokoni kugombea fungu la sukuma wiki lililokonda kama mgonjwa wa malaria.

Niliamua kukomesha upuuzi huo. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, katika umri ambao wenzangu walikuwa wanaitwa shuleni na mwalimu kwa makosa ya watoto wao. Darasa letu lilijaa watu waliochoka: makondakta, walinzi, akina mama waliokuja na vitambaa vyao vya kufuma. Siku moja mwalimu wa sayansi akasema kwamba kitu kikinyimwa maji hakiozi, kwa sababu vijidudu navyo huona kiu. Nusu ya darasa ilikuwa inakoroma. Mimi nilikuwa nimekaa wima kama mtu aliyetokewa na malaika. Niliona saga.

Nikatengeneza kikaushio: mbao pembeni, wavu wa mbu katikati, nailoni juu, na matundu ya kupitisha upepo. Nikakiweka juu ya mawe nyuma ya nyumba ninayopanga. Kilikuwa kizuri, ila kwa urefu na upana kilifanana sana na kitu kingine. Jirani yangu, fundi wa pikipiki, alikuja ameshika kofia kifuani.

"Pole bana. Ni nani?"

"Ni nani nini?"

"Si hili ni jeneza?"

"Ni la kukaushia mboga."

Akavaa kofia yake. "Heri ingekuwa maiti," akasema. "Mwanaume mzima anaanika mboga! Sasa bibi yako akirudi atafanya kazi gani?"

"Sina bibi."

"Ahaa. Sasa nimejua kwa nini."

Kazi yenyewe si ya kuchezea. Majani yanachambuliwa, yanaoshwa, yanachovywa kwenye maji yanayochemka kwa muda wa ubeti mmoja wa wimbo wa kanisani, kisha yanatandazwa yasilaliane. Ukiyaacha kwenye jua la wazi yanageuka rangi ya gazeti la zamani. Na hapo ndipo nilipoongeza ubunifu wangu. Sisi watu wa Bungoma hatupiki mboga ya kienyeji bila munyu, yale maji makali yanayochujwa kwenye majivu ya maganda ya maharagwe. Ndiyo yanayolainisha jani na kulitunzia rangi. Basi nikaumimina munyu humo humo kwenye maji ya kuchovya. Saga ikakauka na kijani chake chote, kijani cha kumtoa mbuzi machozi. Ukiivunja inalia kama karatasi mpya. Nilijaza gunia, na ningejaza lori kama mvua ingeniruhusu.

Mwanzo wa kiangazi dada yangu mdogo, aliyekuwa ameajiriwa kwenye duka la vitambaa Bungoma mjini, akanipigia simu. Alikuwa amepata mchumba kutoka miteremko ya Mlima Elgon, kijana mpole aliyelelewa na shangazi yake baada ya wazazi kufariki. Kijana hakuwa na neno. Neno lilikuwa kwa shangazi.

"Nilimpikia wali na kuku," dada akasema. "Akala, akajipangusa, akauliza kama najua mboga. Nikasema najua. Akasema, 'Sukuma si mboga, sukuma ni majani ya haraka. Msichana wa mtaa atamlisha mtoto wangu nini?' Kaka, wanakuja nyumbani kuonana na wazee. Amesema siku hiyo anataka kula mboga ya kienyeji ya mkono wangu. Asipoipenda, atarudi na kijana wake."

"Mwezi gani?"

"Si huu huu."

"Huu ambao hakuna jani shambani?"

"Wewe unafikiri hajui hakuna jani? Si ndiyo sababu."

Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Nikamwambia dada atulie, gunia lipo. Nikamweleza kila kitu, pamoja na jambo moja kubwa: saga hii imeshakunywa munyu, asitie hata tone. Akanielewa mara moja.

Nyumbani kwetu ni upande wa Chwele. Nilifika asubuhi ya siku yenyewe na gunia langu begani, nikamkuta mama amefagia ua mpaka udongo ukaanza kuona haya. Dada alikuwa amekwisha kuteka maji. Akailoweka saga, akaibandika jikoni kwenye sufuria ile kubwa ya harusi na matanga, akakaa mbele yake kama askari wa benki. Lakini msichana anayekuja kuonwa hakai jikoni. Wenzake walimjia na mafuta na leso mpya, wakamvuta chumbani kumpamba. Akageuka mlangoni akasema, "Mama, usitie munyu. Imo."

"Sawa, mayi," mama akasema. Hivyo ndivyo kwetu mama humwita binti yake, na mimi huniita papa, hata akiwa na hasira.

Nami nikakazia. "Mama, kweli usitie. Nilitia wakati wa kukausha. Maji ndiyo yaliyoondoka, munyu umebaki ndani ya jani. Hiyo ni sayansi."

"Papa, toka jikoni. Unataka wakwe wakukute na mwiko?"

Alikuwa anatikisa kichwa vile anavyotikisa kanisani mchungaji akisoma matangazo. Nikatoka. Nilipogeuka nilimwona, kwa macho yangu haya, ameshika chupa ya munyu na kuiinamisha kidogo, halafu kidogo tena. Mama hakukusudia ubaya. Mkono wake umetia munyu kwenye mboga tangu kabla sijazaliwa, na mkono hauna masikio.

Mimi nikapelekwa kwenye hema la wageni pale uani kukaa na wazee. Kutoka hapo niliona mlango wa jikoni vizuri kuliko nilivyotaka. Akaingia jirani wa juu, akatoka anajipangusa vidole kwenye leso. Akaingia mke wa mzee wa kanisa, akatoka vivyo hivyo. Akaingia mwanamke ambaye mpaka leo sijui ni wa nani, nadhani alikuwa anapita tu barabarani kwenda Misikhu, naye akatoka anajipangusa. Kwetu mwanamke hapiti karibu na sufuria ya watu wengi bila kuisaidia, na hakuna anayeamini kwamba aliyemtangulia alisaidia vya kutosha. Nikasimama.

"Jamani, mboga hiyo ina munyu tayari!"

Mzee msemaji wetu akanivuta shati. "Kijana, keti. Hata maombi hatujafungua."

Wageni wakafika na kibuyu chao cha maziwa. Shangazi alitangulia, mwanamke mkubwa, mwenye hatua za mtu anayekagua shamba kabla ya kulinunua. Tulimwonyesha kiti chenye mto. Akakitazama kiti, akanusa upepo, akaenda moja kwa moja jikoni.

"Mimi si mgeni wa kukalishwa," akasema kwa sauti ya kutosha wilaya mbili. "Nimekuja na munyu wa kwetu. Wenu huku chini ni maji tu."

Akatoa chupa kwenye mkoba. Wanawake wote waliokuwa mle wakaangalia paa. Ungedhani angeonja kwanza. Hakuonja! Kwa watu wenye mkono wa mapishi, kuonja ni dalili ya woga. Alimimina, akakoroga, akatoka akijipangusa vidole.

Dada alikuwa sebuleni akionwa. Alitazama chini, akataja ukoo, akajibu maswali, huku chakula kikipakuliwa na watu wengine.

Sijui niieleze vipi mboga ile. Ilikuwa imekolea kijani cha blanketi la shule ya bweni. Haikutafunwa, iliteleza yenyewe, kama kipande cha sabuni kinachotafuta mahali pa kwenda. Niliitia mdomoni na ulimi ukatakata, hata dhambi nilizowahi kusema zikasuuzika. Lakini sisi ni Wakristo na wakwe walikuwepo, basi hema zima likala kwa unyenyekevu. Mzee mmoja akasema, "Hii inafungua koo." Mchungaji akaomba maji, akaomba tena, akaacha kuomba akakumbatia jagi.

Dada alikuja na birika na beseni kuwanawisha wageni mikono. Alipomfikia shangazi akapiga magoti. Shangazi hakunyoosha mikono. Alisukuma sahani.

"Nilisema," akasema. "Si nilisema? Msichana wa mtaa."

Kijana mchumba akainua uso kutaka kusema kitu. Shangazi akamtazama, uso ukarudi chini. Pale pale nikaona ndoa ya dada yangu inaondoka na mwenye kiti kile chenye mto.

Dada hakuinuka. Akasema polepole, "Shangazi, mimi niliipika bila tone la munyu. Nilienda kuvaa nikiiacha tamu."

"Kwa hivyo ni nani aliutia?"

Kuku akapita katikati ya hema bila haraka. Mama akakohoa.

"Mimi niliweka kidogo, mayi. Kidogo tu, kama dawa ya jicho."

"Mimi pia," akasema jirani wa juu. "Si niliona haina povu?"

"Na mimi, lakini mimi ni kifuniko kimoja tu cha chupa," akasema mke wa mzee wa kanisa.

Yule ambaye simjui naye akainua mkono, kwa adabu zake, kama aliyeitwa na mwalimu. Kisha wanawake wote, wetu na wao, wakageuza shingo taratibu wakamtazama shangazi. Shangazi akautengeneza mkoba wake magotini, ndani yake chupa ikagonga kitu.

"Wangu si mkali," akasema.

Aliyeanza kucheka ni mzee wao. Alicheka mpaka fimbo ikaanguka, na hema likamfuata, na mchungaji akacheka juu ya jagi. Dada peke yake hakucheka. Alikuwa bado amepiga magoti, birika mkononi.

"Basi shangazi," akasema, "hiyo uliyokula ni ya ukoo mzima. Yangu bado iko kwenye gunia. Ukiwa na subira nikupikie sasa hivi. Ila nitaomba maziwa mliyokuja nayo, ya kuungia, na nitafunga mlango."

Nilimwona mama akishika kichwa. Kwetu mlango wa jikoni haufungwi siku ya wageni. Ni sawa na kuwaambia watu wana wivu au wana uchawi. Shangazi alimtazama dada muda mrefu, kisha akanyoosha mikono yake juu ya beseni.

"Nawisha," akasema. "Halafu ukafunge."

Akanawa. Akaenda mwenyewe kuleta kibuyu cha maziwa. Akabeba kile kiti chenye mto mpaka mlango wa jikoni, akakaa hapo nje, akiuziba mlango wote kwa mgongo wake. Wazee walirudia hotuba zao. Mama alijaribu kupita, mkono mmoja chini ya leso.

"Rudi, mama," shangazi akasema. "Humo kuna mtu anapika."

Nikaenda mimi, nieleze angalau jinsi ya kuiloweka.

"Na wewe rudi kwa wanaume."

Jua lilikuwa limeanza kulainika mlango ulipofunguka kidogo na mkono wa dada ukatoa bakuli na ugali. Shangazi aligeukia mlango, akala akiwa ameligeuzia mgongo hema zima, hatukuona uso. Tuliona kiwiko tu kikipanda na kushuka. Hakupunguza mwendo. Mwishowe akakata tonge la ugali, akalizungusha ndani, akapangusa bakuli mpaka likang'aa, akalirudisha ndani kupitia ule mwanya.

"Hilo gunia ni la nani?" akauliza.

"Ni langu," nikapaza sauti kutoka hemani.

"Ni langu," dada akasema kutoka ndani.

Shangazi hakunigeukia hata kidogo. Aliongea na mlango.

"Siku utakayokuja kwetu," akasema, "uje nalo."