Nyoka wa Daktari na Mdomo Wangu

Mwaka 2015, hapa mjini Buffalo, ughaibuni, nilikuwa mkalimani wa hospitali. Sheria ya kazi ni moja tu: tafsiri yaliyosemwa, usiongeze neno. Lakini hekima nyingi kama yangu utaifungia wapi?

Siku hiyo nilikuwa na Mama Nabintu, mzee kutoka Kivu, goti limemvimba. Daktari alipoandaa sindano, mama akaona nembo ya udaktari, nyoka aliyejizungusha kwenye fimbo, imeshonwa kwenye koti la daktari.

"Huyu ni nyoka wa Edeni, shetani mwenyewe! Asiniguse!"

Badala ya kutafsiri, nikahubiri. Nikamweleza kwamba kwenye Torati nyoka wenye sumu waliwauma Waisraeli jangwani, Musa akainua nyoka wa shaba, na kila aliyemtazama akapona. "Kwa hiyo mama, huyu ni alama ya uponyaji." Nilijiona nabii kamili.

Mama akalikazia macho lile koti, kisha akavaa viatu. "Bon, sawa, nimeisha angalia. Nimepona."

"Anakwenda wapi?" daktari akauliza kwa Kiingereza.

Nikatafsiri kwa sauti ndogo: anasema nyoka wako amemponya.

"Muulize nani kamwambia hivyo."

Nikamuuliza, kwa uaminifu wote wa kazi. Mama akaninyooshea kidole, na kidole hakihitaji mkalimani.