Mchonga fimbo wa Kibati

Pale Kibati, njia ya kupanda mlima Nyiragongo inapoanzia, mchonga fimbo hamtazami mtu usoni, hutazama magoti. Kila fimbo huigonga kwenye jiwe la volkano, akatega sikio, na inayolia vibaya huitia kwenye moto wa chai yake. Athanasie, mjane ambaye mashemeji zake, Mungu awaone, walimnyang'anya shamba pamoja na jembe, alikuja kubeba mizigo ya watalii kwa mara ya kwanza. Akichelewa njiani, hataitwa tena. "Muzee, huyu mama umuchongee kiti, si fimbo!" wapagazi wakacheka. Muzee akayatazama magoti ya Athanasie, kisha akampa fimbo yake mwenyewe, iliyong'arishwa na kiganja. "Utanirudishia kesho, mama." Kesho yake Athanasie akashuka akiwatangulia wapagazi wote, akamrudishia Muzee fimbo kabla hata ya kutua mzigo.