Nilivyowaombea Walio Mbali

Msinicheke, au chekeni kidogo tu. Jumapili iliyopita, hapa usharikani kwetu Machame, nilipewa zamu ya kuziombea nchi zenye vita. Wiki nzima nilikuwa na redio sikioni nikijiandaa.

Nikafumba macho. "Bwana, wakumbuke Wakristo wanaofukuzwa makwao. Mguse kila mwenye nguvu anayesogeza mpaka ili ale ardhi ya wajane."

"Amina," kanisa likaitika kwa moto nisiouzoea. Nikajua Roho ameshuka, nikarudia palepale pa mipaka.

Niseme ukweli. Bei ya kahawa ilipoanguka, nilitaka nafasi ya kulima nyanya. Nikang'oa masale, ile mimea tunayopanda kuonyesha mpaka, nikayapanda ndani ya shamba la Mama Aneti, jirani yangu mjane. Mvua ilikuwa inanyesha, nikadhani hakuna aliyeniona.

Nilipofumbua macho, Mama Aneti alikuwa amesimama mbele yangu na isale moja lenye udongo mbichi. Kwetu msamaha pia huombwa kwa isale, na wa kulipeleka ni mkosaji.

"Shika, Baba Eli," akasema kwa upole. "Ukimaliza kuwaombea wa mbali, utaniletea."

Kanisa zima likaitika, "Amina."