Pua ya Mwoka Mikate

Mtaa mzima walimwita Pua, naye aliitika bila kinyongo. Haikuwa pua kubwa wala yenye kasoro. Ndiyo tu iliyomlisha. Miaka thelathini na miwili alioka mikate kwa tanuri la matofali, na tanuri la kuni halijui saa. Kuni kavu zinaivisha upesi, zenye unyevu zinajivuta, na ukifungua mlango kila dakika kuchungulia, joto linatoroka na mkate unanywea. Kwa hiyo Pua alikaa kwenye kigoda, mikono mapajani, akivuta hewa taratibu, na ole wako umsemeshe. Akisimama, ujue mikate imeiva. Alikosea mara mbili tu maishani, na zote mbili alikuwa na mafua. Wanawe walimnunulia saa ya jikoni yenye kengele. Akaitumia kuzuilia dirisha lisijifunge.

Mwaka ule mvua ilikata kabisa. Mto ukabaki mawe, nyasi zikawa zinavunjika ukizikanyaga, na jua lilikuwa halina huruma hata kidogo. Kisha msitu wa mlimani ukashika moto. Moshi ukateremka bondeni, ukakuta milima imeziba kila upande, ukaamua kukaa. Ukiamka asubuhi huioni nyumba ya jirani. Nguo zilizoanikwa zilirudi ndani chafu kuliko zilivyotoka. Watu walitembea wamejifunga vitambaa usoni, macho mekundu, na kila mtu alikuwa daktari wa kikohozi cha mwenzake.

Siku ya sita, mkuu wa zimamoto alisimama mlangoni kwa Pua, masizi mpaka masikioni.

"Mzee, nina vijana sitini huko juu. Siku ya tatu hii wanakula biskuti kavu. Gari linapanda saa kumi alasiri. Utatuokea?"

"Hilo nalo la kuuliza?" Pua alisema. "Saa kumi njoo na gari tupu. Nitawapa mikate mpaka waikatae."

Maneno hayo aliyasema kifua mbele, wakati barabara ya kuingia bondeni ilikuwa imefungwa kwa sababu ya moto na lori la unga halipiti. Stoo kulibaki unga wa kujaza tanuri mara tatu, basi. Tanuri moja ni mikate sitini.

Akaingiza ya kwanza, akakaa kwenye kigoda, akavuta hewa. Moshi. Akavuta tena. Moshi tu. Akasubiri, kwa kuwa kusubiri alikuzoea, mpaka mkewe alipoingia akitokea uani, alikouona moshi mweusi wa dohani.

"Mzee, umeanza biashara ya makaa?"

Akaufungua mlango mbio. Sitini yote, nyeusi tititi.

Tanuri la pili aliliendea roho mkononi. Hofu ya kuunguza ikamshika, akaitoa mikate mapema. Kwa nje ilipendeza kweli. Alipoukata mmoja, kisu kikanasa.

"Huu unga wameuchanganya na kitu," alisema bila kumtazama mkewe.

"Unga ni uleule wa juzi, baba watoto. Wa juzi uliusifia."

Kwa ubishi mzee huyu hana mpinzani, na mtu akimpenda lazima ampende pamoja na ubishi wake, hakuna kumgawa. Tanuri la mwisho la unga lilikuwa limekwisha umuka kwenye makopo, limefunikwa kitambaa. Saa nane ilikuwa imepita. Akikosea hapa, vijana sitini wangerudi kwenye biskuti zao, na yeye angerudi kwenye kigoda kile kufanya nini?

Akashika tama. Ndipo yakamtoka.

"Mama, sinusi kitu. Jana nilibahatisha. Leo pua imekufa kabisa."

Alitarajia kuonewa huruma. Mkewe akacheka, akacheka mpaka akakohoa, akalazimika kujifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Siku mbili tu, na umeshakata tamaa! Mimi sijanusa kitu tangu ile homa, kitinda mimba akiwa na miezi mitatu."

Pua akamkodolea macho. Kitinda mimba wao sasa alikuwa na ndevu.

"Miaka ishirini? Mbona hukusema?"

"Ungeniruhusu nilisogelee tanuri lako?"

Kisha Pua akakumbuka jambo.

"Na nilipolazwa hospitali miezi miwili? Nani alikuwa anaoka?"

"Malaika," alisema mkewe. "Ingiza mikate, mume wangu. Tunachelewa."

Akaingiza. Safari hii mkewe ndiye aliyekaa kwenye kigoda, sikio karibu na mlango wa chuma. Ndani, mikate ilikuwa ikilia polepole, maji yakiutoka unga, sauti ndogo ambayo Pua hakuwa ameijali hata siku moja. Akataka kuuliza jambo.

"Sss! Nasikiliza."

Sauti ile ikafifia, ikakoma. Mkewe akafungua mlango mara moja, akavuta mkate mmoja wa nyuma kabisa, akaupindua, akaugonga chini kwa kidole kama mgeni anayebisha hodi. Akaurudisha ndani. "Bado. Huo umelia kama paja." Baada ya muda akatoa mwingine, akagonga, kisha akamshika mumewe mkono akamgongesha na yeye. Ulilia wazi, kama chumba kisicho na vyombo.

"Toa yote," alisema.

Saa kumi gari lilipanda na mikate sitini ya moto, dereva akiendesha kwa mkono mmoja maana wa pili ulikuwa kwenye mkate. Mzee na mkewe wakabaki kizingitini, moshi umewazunguka.

"Kwa hiyo miaka yote hii," Pua alisema, "hujui mikate yangu inanukiaje?"

"Nilikuwa nakumbuka. Siku hizi naanza kusahau."

Lilimchoma hilo kuliko mikate yote iliyoungua. Ishirini! Na yeye kila alfajiri akivuta hewa peke yake kwenye kigoda, akiwanyamazisha watu. Si msemaji, na maneno yalimtoka kwa shida, moja moja.

"Inanukia... Unakumbuka utosi wa mtoto akiamka usingizini? Joto lile?"

"Mtoto yupi?"

"Yule wa kwanza. Huyu wa mwisho alinuka maziwa yaliyochacha."

"Huyo wa kwanza namkumbuka," alisema mkewe, akafumba macho. "Ehe. Halafu?"

Pua akamsogelea, akaendelea kumwambia.