Marinda ya Sajini Torquil

Asubuhi, chai haijapoa, Ishbel Gillanders yuko mezani karibu na dirisha, pini mdomoni. Anakunja sufu nzito yenye miraba ya kijani na buluu. Rinda moja, pini moja. Anapima kwa jicho, anaguna, anavuta tena. Mvua ya mji wa Dingwall inapiga kioo kama jirani mwenye umbea, naye haigeukii.

Mama huyu wa miaka sabini na moja hushona kilti, sketi za wanaume wa kwao. Alianza akiwa msichana, akiwashonea askari. Siku hizi viungo vya vidole vimevimba, na kilti moja humla wiki mbili.

"Wageni huniuliza chini yake kuna nini," anasema. "Nawajibu: magoti mawili na baridi. Anayetaka kujua zaidi aolewe huku."

Kilti iliyo mezani ni ya Torquil Munro, sajini mstaafu, mgane. Ukumbi wa kikosi chake umejaa picha za kale za askari waliovaa kilti, na sasa wameamua kumchora mmoja aliye hai. Kilti yake ya ujana imeliwa na nondo. Hii anayoshona Ishbel isipokamilika kufikia Jumatatu, atachorwa akiwa amevaa suruali.

"Askari wote pale ukutani wamekutumbulia macho, vifua mbele," anasema Sorcha, mchoraji. "Huyu nitamchora akigeuka, mgongo kwetu."

Mgongo ndio wenye kesi. Kilti ya askari hukunjwa hivi kwamba kila rinda la nyuma lionyeshe mstari uleule, kama watu kwenye gwaride. Ya raia hukunjwa miraba ikaendelea kamili, kana kwamba kitambaa hakijakunjwa. Hiyo ndiyo ya harusini.

Wiki iliyopita sajini alikuja kuijaribu. Alishakuja mara nyingi. Kiuno chake kimepimwa zaidi kuliko hali ya hewa. Akajigeuza mbele ya kioo, akachungulia marinda ya nyuma.

"Ishbel, haya marinda ya nani?"

"Yako, ya nani tena?"

"Yangu mimi askari, au mimi bwana harusi?"

Ishbel akatazama. Maisha mazima ya kushonea kikosi, leo mikono imeteleza! Akaiva uso hadi masikioni.

"Vua. Nafumua."

"Nivue hapa hapa?"

"Nyuma ya pazia, mzee mkorofi wewe!"

Alifumua yote. Tangu siku hiyo Torquil huja kila asubuhi kumtungia uzi sindanoni, maana vidole vya Ishbel haviwezi tena. Hutunga vibaya, huku akilalamikia chai.

Leo mistari imesimama sawasawa. Limebaki rinda moja.

Anapoulizwa kama atapumzika kazi hii ikiisha, Ishbel anang'ata uzi kwanza.

"Bado. Picha ikishakamilika, ataniletea hii kilti niifumue tena. Nirudishe marinda yale ya mwanzo."

"Yale ya kukosea?" anaulizwa.

"Nani kasema nilikosea?"

Ng'ambo ya meza, sajini anakohoa. Sindano inamponyoka.

"Kanisani nimeshauliza," anasema, akiitafuta sakafuni. "Juni wana nafasi."

Ishbel hainui kichwa. Analaza rinda la mwisho, analipapasa kwa kiganja.

"Mwambie Sorcha asipake rangi nzito," anasema. "Ikauke upesi."